Kifua cha Maji ya Chumvi

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupima balbu ikiwa baridi.

Nilikuwa natafuta kitu cha kukaa mahali pa kifua cha mtu, kitu ambacho ningeweza kukipiga pigo la umeme bila kumdhuru yeyote, na kwa mafundi wa mtaani wa Gitega jibu la kila swali ni balbu. Ukitengeneza televisheni au chaja, huiunganishi moja kwa moja na umeme. Unaupitisha umeme kwenye balbu kwanza. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna ubovu ndani; ikimeta kidogo na kufifia, unapumua. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi hii, bila shule ya ufundi, kwenye kibaraza chetu cha mtaa wa Yoba, na sikuwahi kuiuliza balbu swali lolote. Basi nikachukua balbu ya wati sabini na tano, nikaigusa kwa nyaya za mita ya kupimia umeme, nikasoma hamsini. Makala niliyokuwa nimesoma kwenye simu ilisema kifua cha mtu mzima huupinga umeme kwa omu zipatazo hamsini. Nikaona Mungu amenipa kifua cha kioo, tena kimeshapimwa.

Sikujua, au nilijua nikajisahaulisha, kwamba uzi mwembamba ulio ndani ya balbu ukipata moto huupinga umeme mara nyingi zaidi kuliko ukiwa baridi. Kifua cha mtu hakifanyi hivyo.

Nieleze kwanza mashine yenyewe. Ni mashine ya kushtua moyo. Ndani yake kuna kapasita, kopo linalojazwa umeme kama mtungi unavyojazwa maji, kisha umeme huo huachiliwa upite kifuani kwa mgonjwa kupitia viraka viwili vya gundi. Pigo huisha kabla hujapepesa jicho. Watu hudhani kazi ngumu ni kuutoa umeme. Kuutoa ni rahisi, hata radi inautoa. Kazi ngumu ni kuuongoza: uende upande mmoja, ugeuzwe katikati urudi upande wa pili, kisha ukatwe. Ukiwa mdogo, moyo hausikii. Ukizidi, unaumiza moyo uleule uliokuja kuuponya. Na ikiwa moyo bado unapiga ila unapiga vibaya, mashine lazima isubiri mpaka kilele cha pigo la moyo lenyewe ndipo iachilie. Ikiachilia mahali pasipofaa, moyo uliokuwa unakimbia unaweza kusimama kabisa.

Hospitali moja ya Muyinga ilikuwa na mashine kama hiyo, ya msaada, imetumika sana huko ilikotoka. Ilikuwa imeshamwokoa mjomba wangu mara moja. Kisha siku moja umeme wa jenereta na umeme wa mtaa ukaingiliana, na sakiti inayoongoza pigo ikaungua. Kopo lilikuwa zima, kioo cha kusomea namba kilikuwa kizima, lakini hakukuwa na cha kusema "sasa" wala cha kusema "basi".

Mjomba, kaka wa mama yangu, ni fundi cherehani Muyinga mjini, nyuma ya soko. Kwetu mjomba na mpwa huitana "mjomba" wote wawili, na yeye hulitumia neno hilo kama anavyotumia sindano. Moyo wake una tabia ya kuondoka ghafla na kukimbia, na mara nyingine dawa haziushiki. Safari ya pili ulipokimbia, mashine ilikuwa imeshaungua. Wakamweka kwenye gari kumpeleka hospitali kubwa Bujumbura, na gari likaishiwa mafuta walipopita Karuzi. Alilala kwenye nyasi kando ya barabara, dereva akitembea na bidoni tupu, dumu la plastiki, kutafuta pa kununua, mpaka moyo ukarudi wenyewe kwa rehema ya Mungu. Daktari akamwambia wazi: kwa moyo huu, hamia Bujumbura, ukae karibu na mashine nzima, au siku moja utafia njiani. Akaanza kufunga vitu. Akaizungushia cherehani yake magazeti.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na mdomo wangu. Fundi wa vifaa wa hospitali ile, mama mmoja mwenye diploma aliyekuwa akishonewa makoti ya kazi na mjomba, alikuwa ameniruhusu nifungue mashine nione ndani. Akaniachia niibebe mashine mpaka Gitega, na ile sakiti iliyoungua ndani yake, nikasoma kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu, nikatoa swichi za elektroniki kwenye mashine mbovu za mafundi wa kuchomelea vyuma, nikaunda sakiti mpya. Siku balbu yangu ilipometa vizuri kwa dozi ndogo, nikampigia mjomba simu. Nikamwambia iko tayari.

"Donc basi mi siendi tena Bujumbura," akasema. Nyuma yake nilisikia magazeti yakichanwa. "Nimeshafungua cherehani. Kama we iko unatengeneza ile kitu, mi nitaponea hapahapa ao nitafia hapahapa."

"Usifie mikononi mwangu, mjomba."

"Mikono yako? Iko inatetemeka sana. Mtu hawezi kufia hapo, ataanguka."

Nilicheka, na nilipokata simu nikakaa chini. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikiunganisha waya kwa risasi iliyoyeyushwa, naiyeyusha tena na kuuunganisha upya kwa sababu haikung'aa sawasawa. Kwa hiyo najiuliza mpaka leo ilikuwaje mtu kama mimi akatamka neno "tayari".

Nikaenda Muyinga na mashine na balbu zangu. Chumbani walikuwa watatu: daktari, yule mama fundi, na mimi. Nikapiga dozi ndogo, balbu ikamulika. Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikabadilisha balbu, nikapanda dozi, na hiyo ya pili ikapasuka kwa mlio, vipande vikatapakaa mezani. Nikasema ni balbu mbovu. Nikanyoosha mkono nikaichukua ile ya kwanza, iliyokuwa imemulika muda mfupi tu uliopita, nikaigusa kwa mita ili niwaonyeshe hamsini yangu.

Mita haikuonyesha hamsini. Ilionyesha namba kubwa, na namba ile ikawa inashuka, inashuka kama mtu anayeteremka mlima, mpaka ikatulia kwenye hamsini baridi.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Kwa kuwa balbu ilikuwa inaupinga umeme zaidi kila ilipopata moto, mimi nilikuwa nimelirefusha pigo ili balbu ipate kipimo kilichoandikwa kwenye kioo. Nilikuwa nimeishonea balbu. Kifua cha mtu kingepokea pigo hilohilo na kupata zaidi. Ningeweza kunyamaza, hakuna mwingine aliyeitazama mita. Nikaiweka mita mezani. Kisha nikawaambia.

Daktari akauliza, "Kama ingekuwa mtu?"

"Angepata zaidi ya kilichoandikwa."

"Zaidi kiasi gani?"

"Sijui, dokta. Hicho ndicho kinachoniogopesha."

"Bon," akasema, akaanza kuvua glavu. "Rudi nayo siku utakayojua."

Mama fundi akanisindikiza mpaka getini. "Petit, mdogo wangu, unalia?"

"Hapana, mama."

"Basi funga mdomo, nzi ziko nyingi huku." Akanifungia vizuri kamba ya boksi. "Nimeona watu wengi waliharibu hii mashine, na hakuna hata mmoja alisema ni yeye. Rudi haraka tu."

Kwa mjomba nilikwenda kwa miguu, polepole, nikipanga maneno. Nikamkuta amekanyaga pedali, sare za shule zimejaa mezani. Nikamwambia ukweli wote, na nikamwambia azungushie cherehani magazeti tena, aende Bujumbura.

Hakuacha kushona. "Mjomba, we umepima mteja akiwa amekaa. Alipotembea, suruali ikamkaba. Mi nimefanya hiyo mara ngapi? Unapima tena, akiwa anatembea."

"Suruali haiui mtu."

"Hujaona wateja wangu," akasema. "Mi siendi. Hapa nikianguka, watu wanajua jina langu. Kule nitakuwa mgonjwa wa barabara gani, sijui. Fanya kazi."

Ndivyo ilivyokuwa. Yeye alibaki Muyinga kwa sababu yangu, na kila siku niliyochelewa ilikuwa siku ya moyo wake.

Nilirudi Yoba nikaitoa mezani kila balbu. Nikajiuliza mtu ni nini, umeme unapompitia. Ni maji yenye chumvi. Basi nikachukua bidoni ya njano ya mafuta ya kupikia, ya lita tano, nikaiosha mpaka harufu ikaisha. Nikakata mabamba mawili ya chuma kisichoshika kutu kutoka kwenye sinia ya zamani, nikayasimamisha ndani yakitazamana, kila moja na waya wake ukitoka juu. Nikajaza maji. Nikaanza kutia chumvi, kidogokidogo kwa ncha ya kijiko, nikikoroga na kupima. Hapo napo mita ya kawaida hudanganyika, kwa sababu umeme wa upande mmoja hujenga ukuta wake kwenye mabamba, kwa hiyo nikapima kwa umeme unaogeukageuka, kama ule wa sauti ya redio. Maji hayana papara ya balbu. Ukiyapiga pigo la kumwinua mtu kitandani, hayapati hata joto la kuhisi kwa kidole.

Mama alikuja siku hiyo kutoka Mutaho na mfuko wa maharage. Akasimama mlangoni akinitazama nikitia chumvi, nikipima, nikiguna.

"We mtoto, unapika supu kwenye bidoni?"

"Ni kifua, mama."

"Cha nani?"

"Cha mjomba."

Akaweka maharage chini. Akaja, akachovya kidole, akaonja, akafikiri. "Bado," akasema. "Kaka yangu ana chumvi kuliko hii."

Nikaongeza kidogo, nikapima. Sikumwambia kwamba ndipo ilipofika hamsini, kwa sababu angelisimulia kanisani mpaka Pasaka.

Nikiwa na kifua cha kuaminika, niliivunja sakiti yangu yote na kuijenga upya. Ya kwanza ilikuwa inafuata saa: fungua, geuza, kata, bila kujali iko kwa nani. Ya pili niliifundisha kuuliza. Kwanza inapitisha umeme mdogo sana ambao mgonjwa hausikii, ili ijue kifua hiki kinapinga kiasi gani. Watu hawalingani, mwembamba si mnene. Halafu wakati wa pigo lenyewe inahesabu umeme unavyopita, na kipimo kikitimia, inakata. Nilitazama pigo lake kwenye osiloskopu yangu ndogo, kile kifaa kinachouchora umeme kwenye kioo: mlima unaoteremka, ukuta, bonde, ukuta. Nililitazama mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Lilikuwa zuri.

Kisha nikaitia sakiti tabia yangu mwenyewe. Niliipa woga. Ikiona upinzani usiofanana na wa kifua, au, kwa moyo ambao bado unapiga, isipokiona vizuri kilele cha pigo lake, haiachilii. Inaumwaga umeme ndani yake yenyewe, mahali salama, na kuwasha taa nyekundu. Na sikuweka njia yoyote ya kuilazimisha.

Wenzangu wa kibarazani walinicheka. Mmoja wao, hodari wa redio, alizunguka meza akisema, "Umetengeneza mashine iko na presha. Mgonjwa anakufa, yenyewe inauliza 'hodi'." Wengine wakaanza kubisha hodi kwenye boksi kila walipopita. Nilicheka nao, lakini neno lile lilinikaa. Kosa la kwanza lingeweza kumpa mjomba umeme mwingi. Hili lingeweza kumnyima. Sikujua woga wangu ni hekima au ni ugonjwa, na nilikuwa naufunga kwa skrubu ndani ya mashine ya watu.

Nilijaribu bila kuchoka, mpaka mama fundi akapiga simu kutoka Muyinga. "Mkaguzi wa vifaa anakuja wiki hii. Leta."

"Mama, kuna kitu kimoja bado nataka..."

"Petit. Mungu aliumba dunia kwa wiki moja, na angalia, iko na makosa. Leta."

Nilipanda gari la abiria la Karuzi na boksi miguuni na bidoni mapajani. Wakati ule mafuta yalikuwa adimu kiasi kwamba mtu mwenye bidoni ya njano alitazamwa kama mtu mwenye mke wa mwenzake. Kwenye kizuizi cha barabara, polisi akainamia dirishani.

"Hiyo iko na nini?"

"Maji ya chumvi, shefu."

"Nchi nzima inatafuta mafuta, we unabeba maji ya chumvi? Na hizi waya?"

Nilikuwa na muda wa kufikiri jibu la busara. Sikulipata. "Ni kifua cha mtu, shefu."

"Mi huyu simjui," dereva akasema, akatazama mbele.

Nikashushwa. Nikaifungua bidoni. Polisi akanusa, akanitazama, akanusa tena. Nikamweleza: mashine ya hospitali, moyo, mjomba. Akamimina kidogo kwenye kiganja, akaonja kwa ncha ya ulimi. Akatulia kama mpishi.

"Inakosa nyama," akasema. "Pita."

Muyinga tulifika jua likiwa limeshapanda, na bidoni ilikuwa imeota jua dirishani njia nzima. Nilipopima, hamsini haikuwapo. Maji ya chumvi yakipata joto huupitisha umeme kwa urahisi zaidi; nilikuwa nalijua hilo, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii nilikuwa nimejua jambo kabla halijaniaibisha. Nikaomba tuiweke kivulini.

"Tunangojea maji yapoe?" daktari akauliza.

"Ndiyo, dokta. Yakiwa na moto yanadanganya."

Daktari akamgeukia mkaguzi, mtu wa makamo mwenye miwani, aliyekuwa amekuja na kipimo chake halisi ndani ya sanduku lenye sifongo. Nilidhani ataondoka. Akavuta kiti. "Mwacheni," akasema. "Mi nimeshangojea vitu vya bure kuliko maji."

Tukangoja. Kisha tukapiga, kuanzia dozi ndogo hadi kubwa, kila moja mara kadhaa, kwanza kwenye sanduku lake, kisha kwenye bidoni yangu. Namba zilikubaliana. Hazikulingana kama mapacha, lakini zilikaa pamoja kama ndugu, na zote ndani ya mpaka unaoruhusiwa. Mkaguzi akalegeza kiraka makusudi kuidanganya mashine. Taa nyekundu ikawaka, haikuachilia. Akailetea mapigo ya moyo ya bandia, ya haraka na ya ovyo. Ikangoja, ikachagua kilele, ikapiga. Akavua miwani, akaifuta, akaniuliza nilisomea wapi.

"Kwenye simu," nikasema.

"Simu gani?" akauliza, na nadhani alikuwa anauliza kweli.

Aliidhinisha irudi kazini, kwa sharti ipimwe kila mwezi na mama fundi akiwapo. Mama fundi aliisukuma mwenyewe mpaka chumba cha dharura, akiwa amevaa koti lililoshonwa na mjomba, akipita katikati ya korido kama anayesindikiza bibi harusi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba ya kufulia nguo nikatapika, kisha nikanawa uso nikarudi kupokea pongezi.

Sikurudi Gitega. Kila asubuhi nilipata sababu mpya ya kwenda kuitazama mashine, na kila jioni mjomba alinichokoza. "Leo imesema nini? Imekusalimia?" Nililala kwenye mkeka nyuma ya vitambaa vyake.

Asubuhi moja, alikuwa anashona na mimi nakunywa chai, pedali ikanyamaza. Mkono wake ukaenda kifuani.

"Mjomba," akasema taratibu, "imeondoka."

Nikakimbia nje kutafuta usafiri. Pikipiki zilikuwa zimepangwa zikisubiri mafuta. Nikapata kijana wa taksi ya baiskeli, na niliporudi naye ndani, mke wa mjomba alikuwa ameshamfunika shuka mpaka shingoni na kumweka tayari. Tukamkalisha nyuma ya baiskeli. Mimi nilimshika mgongoni nikikimbia kando, mkewe nyuma yetu na viatu mkononi. Shingoni kwake niliuona mshipa ukiruka ovyo.

Hospitalini walimpa dawa kwanza. Moyo haukusikia. Rangi ikamtoka, jasho likamjaa, na presha yake ikaanza kushuka. Daktari akasema sasa ni mashine. Wakamchoma sindano ya usingizi, muuguzi akambandika viraka viwili kifuani. Nilikuwa nimesimama kwenye kona, na hakuna aliyenifukuza. Kopo likajaa, mlio ukapanda. Daktari akabonyeza.

Taa nyekundu.

Mashine ikaumwaga umeme ndani yake na kunyamaza. Daktari akaijaza tena, akabonyeza. Taa nyekundu.

"Fundi," akasema bila kugeuka, "mashine yako inakataa. Ilazimishe."

"Haiwezekani, dokta."

"Namna gani haiwezekani?"

"Sikuweka."

Hakunitukana. Ningependelea tusi. Kichwani nilishamwona mjomba akifa kwa sababu ya tabia yangu. Miguu ilitaka kutoka nje ya chumba. Lakini macho yangu, yaliyozoea kukagua kila kitu mara mbili, yalikwenda kwenye kioo, kwenye ile namba ya upinzani wa kifua. Haikutulia. Ilikuwa inaruka juu, inashuka, inaruka. Sakiti haikuwa imechanganyikiwa. Ilikuwa inasema kitu.

Nikasogea, nikagusa ukingo wa kiraka. Kikateleza chini ya kidole changu kama samaki. Nikanusa kidole. Mawese, na zeri ya kuchua kifua.

"Mama," nikamuuliza mke wa mjomba mlangoni, "umempaka mafuta?"

"Si kifua kinamsumbua?" akasema. "Nimempaka vizuri, kifua chote na mbavu."

Kila nyumba ya kwetu ingefanya hivyo. Nilikuwa nimefikiria mtu mwembamba, mtu mnene, waya uliokatika, moyo uliopotea. Sikuwahi kumfikiria mke anayempenda mumewe akiwa na chupa ya mawese.

Muuguzi alikuwa ameshachukua sabuni. Wakamwosha kifua, wakamkausha kwa kitambaa mpaka ngozi ikakwaruzika, wakabandika viraka vipya na kuvikandamiza. Namba ikashuka, ikatulia, ikawa ya kifua cha mtu mzima. Taa ikawa ya kijani.

"Mwachieni," daktari akasema. Sote tukaondoa mikono kitandani. Akabonyeza, akashikilia.

Mashine haikupiga papo hapo. Ilingoja. Niliujua ule mngojo, niliupanga mwenyewe: inatafuta kilele, inakiona, inahakikisha kinachofuata ni kilekile. Pale mezani ulikuwa muda mfupi usiohesabika. Chumbani mle nilipata nafasi ya kusali, kuiacha sala katikati, na kuianza upya.

Mjomba akaruka kidogo kitandani. Mstari kwenye kioo ukalala. Kisha likaja pigo moja. Likaja jingine, na baina yao palikuwa na nafasi, nafasi pana, nzuri, ya moyo wa mtu aliyekaa anashona.

Mama fundi aliweka mkono wake kwenye boksi la mashine kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Daktari akaniambia, "Ningeilazimisha kwenye mafuta, ingechoma ngozi, na moyo usingepata kitu." Halafu akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Njoo hapa, fundi. Mwangalie mgonjwa wako."

Nilikwenda. Rangi ilikuwa inarudi, kuanzia masikioni. Alipofungua macho alitutazama mmoja mmoja, akajigusa kifua kilichong'arishwa kwa sabuni.

"Nani alipangusa mafuta yangu?" akasema kwa sauti nzito ya usingizi. "Ilikuwa chupa mpya."

"Ni mimi, mjomba."

"Unalia?"

"Ndiyo," nikasema, na sikufunga mdomo.

Tulirudi nyumbani siku iliyofuata kwa miguu, yeye mbele akisalimia kila duka, akimweleza kila mtu kwamba mpwa wake ametengeneza mashine inayojua mawese. Watu walitoka kwenye maduka kunishika mkono. Muuza vitunguu aliuliza kama naweza kuitazama redio yake, nikasema ndiyo. Kwa umbali ule wote, kutoka hospitali mpaka nyuma ya soko, sikupata hata jambo moja la kurekebisha.

Sasa mashine iko chumba cha dharura Muyinga, imeshatumika kwa watu ambao siwajui, na kwenye ukuta juu yake kumeandikwa kwa Kirundi na Kiswahili: osha kifua kwanza. Mjomba hakuhama. Mkaguzi ameniletea mashine nyingine mbili zilizoungua, kutoka hospitali nyingine, nami nazitengeneza Yoba. Wasiwasi haujaniacha. Ila sasa, kazi ikishapimwa, naikabidhi.